Nzi wa Kuelea Anazama? Uliza Kwanza Ameanza Lini

Malalamiko kuhusu nzi wa kuelea, yaani chambo bandia cha manyoya kinachofungwa kwenye ndoana na kuvuliwa samaki juu ya maji, huja kwa maneno yaleyale: "Nimempaka dawa, bado anazama." Kisha hutajwa aina ya dawa, kana kwamba hukumu imeshatoka na mwenye hatia ni chupa. Kwa niliyoyaona mimi, chupa husingiziwa mno. Swali linalofumbua kesi nyingi halihusu dawa kabisa: ameanza kuzama lini? Anayezama mrusho wa kwanza ana ugonjwa wake. Anayeelea robo saa kisha akachoka ana wake. Anayezama baada ya kumezwa na samaki, au kila akipita mahali fulani mtoni, ni wagonjwa wengine tena, na tiba ya mmoja huweza kumzamisha mwenzake.

Kabla ya dalili, tuelewane kinachombeba. Ukiacha nzi wa foamu, nzi bandia haelei kama mtumbwi. Ndoana ni chuma, na chuma ni kizito karibu mara 8 kuliko maji. Kinachomshikilia ni mvutano wa uso wa maji, ile ngozi isiyoonekana inayobeba sindano ukiilaza taratibu kwenye bakuli, na inayobeba wale wadudu wa miguu mirefu wanaotembea juu ya dimbwi. Ncha za manyoya husimama juu ya ngozi hiyo bila kuitoboa. Zikilowa, zikigandana, au zikiguswa na sabuni, ngozi hutoboka na chuma hurudia tabia yake. Kazi ya dawa ya kuelea ni kuyafukuza maji yasishike manyoya. Haimpunguzii nzi uzito hata kidogo.

Maneno nitakayotumia: *mshipi* ni ule uzi mnene wa rangi unaokaa kwenye rili (gurudumu la kukunjia uzi), *lida* ni uzi usio na rangi unaoendelea kuwa mwembamba kuelekea mbele, *tipeti* ni kipande cha mwisho kinachofungwa kwenye nzi, na *kupunga* ni kuurusha mshipi mbele na nyuma hewani bila kuuacha utue.

## Kipimo cha glasi, kabla ya kulaumu chochote

Mfungue nzi kwenye tipeti. Jaza glasi maji safi, kisha mdondoshe kutoka kimo cha shubiri moja. Akikaa juu dakika nzima, nzi hana tatizo: tafuta kosa kwenye tipeti, mshipi au mkono wako, nenda moja kwa moja kwenye dalili ya nne na ya tano. Akizama, kosa ni lake au la dawa.

Glasi iwe imesuuzwa vizuri. Mabaki kidogo tu ya sabuni ya vyombo hulegeza ngozi ya maji, na nzi mzima kabisa atazama mbele ya macho yako. Niliwahi kutupa nzi wanne kwa kosa hilo kabla sijaigeukia glasi yenyewe.

## Dalili ya 1: Anazama tangu mrusho wa kwanza

Hakupakwa, au amepakwa akiwa tayari amelowa. Hii ndiyo inayoongoza. Mtu anamfunga nzi, anarusha mara tatu, anaona anazama, ndipo anatoa jeli, yaani dawa ya kuelea iliyo nzito kama mafuta ya kupaka. Jeli ikipakwa juu ya maji huyafungia maji ndani. Manyoya yanabaki yamelowa huku nje yamefunikwa mafuta. Jeli ni ya nzi mkavu. Kama amelowa, kausha kwanza kwa namna iliyoelezwa kwenye dalili ya pili.

Amepakwa kupita kiasi. Ukiona manyoya yameshikana kama nywele zilizotoka kuoshwa, au duara la mafuta linatanda majini nzi anapotua, umezidisha. Kwa nzi wa namba 14 (namba ya ndoana ikiwa kubwa, nzi ni mdogo), tone la ukubwa wa kichwa cha kiberiti linatosha na kubaki. Lisugue kwanza kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka liyeyuke, ndipo uguse manyoya, mkia na kiwiliwili. Iliyobaki vidoleni ipake sentimita chache za mwisho za mshipi, si tipeti.

Jeli imebadilika kwa hali ya hewa. Kwenye baridi huganda na kushika kwa madonge. Kwenye joto huwa kama maji na kumwagika. Siku ya baridi weka chupa mfuko wa ndani, karibu na mwili. Siku ya joto chupa isimame wima, na ubonyeze taratibu.

Mikono yako ina kitu. Losheni ya kukinga jua, sabuni, dawa ya kufukuza mbu: vyote hivi huhamia kwenye nzi wakati wa kufunga fundo. Paka losheni kwa mgongo wa mkono, au osha vidole mtoni na kuvipangusa kabla ya kumshika nzi.

Manyoya yamelala. Nzi aliyekaa miezi kwenye kiboksi kilichobana hutoka na manyoya yaliyopinda upande mmoja, na aliyepinda hana miguu ya kusimamia. Mshike kwa koleo refu, mpitishe kwenye mvuke wa birika linalochemka kwa sekunde chache, utaona nyuzi zinajinyoosha zenyewe. Mwache akauke kabisa kabla ya kupaka. Vidole viwe mbali: mvuke huunguza vibaya kuliko maji yaleyale ya moto, na koleo la chuma nalo hushika joto.

Amefungwa vibaya. Ukishapita yote hayo na bado anazama kwenye glasi, kosa liko kwenye meza ya kufungia. Angalia mambo manne. Ndoana iwe ya waya mwembamba wa nzi wa kuelea, si ile nene ya nimfu, yaani nzi bandia wa kuzamishwa. Manyoya ya kola, yaani yale yaliyozungushwa mbele ya ndoana, yawe na urefu wa karibu mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana (nafasi kati ya ncha na shina). Yakiwa mafupi, kiwiliwili hukaa ndani ya maji. Kiwiliwili kisiwe cha sufu ya sungura au kitu kingine kinachofyonza. Manyoya laini ya ndani ya wanyama wa majini kama biva hufaa zaidi, na nyuzi za polipropilini ni nyepesi kuliko maji zenyewe. La nne ni mkia, ambao watu huusahau. Nzi hubebwa mbele na kola, nyuma na mkia, kama kitanda chenye miguu pande zote mbili. Mkia wa nyuzi tatu teketeke hauwezi kubeba mkunjo wa ndoana. Mvuvi Lee Wulff wa Marekani aliliona hilo karibu mwaka 1930, akaanza kufunga mikia na mabawa kwa nywele za mkia wa kulungu, na nzi wa mtindo huo bado hutumiwa kwenye maji yenye fujo.

Kwa nzi wa aina hii hakuna dawa ya chupa. Mweke pembeni, umkate, utumie ndoana upya.

## Dalili ya 2: Anaelea vizuri, kisha anachoka baada ya mirusho kadhaa

Hapa ndipo wengi walipo, na wengi hawana tatizo la kweli. Kila nzi wa manyoya huchoka. Swali ni kama anachoka mapema kuliko inavyostahili, na kama unajua kumwamsha.

Sababu ya kwanza: hukaushi hewani. Kupunga mara mbili au tatu, kwa mkono uliokaza na kusimama ghafla kila upande, hurusha matone. Utaona ukungu mdogo ukitoka kwa nzi kwenye mrusho wa kwanza wa nyuma. Kupunga taratibu kwa mduara mpana hakukaushi chochote. Lakini usipunge kichwani pa samaki. Matone yale humwagikia yeye, naye huelewa ujumbe. Geuza mwelekeo, kausha pembeni, kisha rusha mahali pake.

Sababu ya pili: unavyomnyanyua. Hii huniudhi kidogo kwa sababu ni rahisi kurekebisha na karibu kila anayeanza anayo. Mtu anasubiri nzi ateremke mpaka mwisho, mkondo unamburuta chini, kisha anamng'oa kwa nguvu kupitia maji. Kila mng'oo kama huo unamsukumia nzi maji mengi zaidi ndani ya kiwiliwili kuliko dakika kumi za kuelea. Anza kunyanyua kabla hajaburutwa. Vuta mshipi uliolegea, inua ncha ya fimbo pole mpaka majini ibaki lida peke yake, ndipo urushe nyuma.

Sababu ya tatu: dawa imekwisha kazi. Jeli huoshwa na maji kidogo kidogo. Hapa fuata mpangilio huu, na usiruke hatua:

1. Mpulizie pumzi kali mara mbili tatu kutoka nyuma kwenda mbele.
2. Mbane ndani ya kitambaa cha pamba au karatasi laini, ufungue, ugeuze, ubane tena. Usisugue; kubana tu. Wenye bahati wana amadu, yaani nyama kavu ya uyoga mgumu wa miti, *Fomes fomentarius*, ambayo hunyonya maji kuliko kitambaa chochote nilichojaribu.
3. Mtie kwenye kichupa cha unga wa kukausha bila kumkata kwenye tipeti, funika, tikisa sekunde kumi.
4. Mtoe, mpulizie unga uliozidi, punga mara mbili.

Anatoka mweupe kama aliyeangukia unga wa ngano. Rangi hurudi baada ya mrusho mmoja.

Unga wa kukausha uko wa aina mbili na watu huzichanganya. Wenye chembechembe kama sukari hunyonya maji. Ule mwepesi sana kama vumbi, unaopakwa kwa brashi ndogo, kazi yake ni kuyafukuza maji yasirudi. Nzi aliyelowa chapachapa anahitaji wa kwanza kabla ya wa pili. Ukimpiga brashi akiwa analia maji, utapata uji.

Sababu ya nne: kichupa kimeshiba. Chembe za silika zina kikomo. Zikishajaa maji, unatikisa nzi ndani ya mchanga tu. Baadhi hubadilika rangi zikishiba. Zile zinazotoka buluu kwenda waridi kwa kawaida huwa na kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu: usizimwage majini, usizipashe moto jikoni, na usiwaachie watoto. Unga mwepesi nao usiuvute puani. Mpulizie nzi upepo ukiwa mgongoni kwako. Ukiingia jichoni suuza kwa maji safi mengi, usisugue, na maumivu yakiendelea nenda kwa daktari.

Sababu ya tano: hakutayarishwa nyumbani. Kuna dawa za majimaji ambazo huchovywa kabla ya safari, nzi akaachwa akauke usiku kucha au siku nzima. Hizo huingia ndani ya nyuzi na kudumu kuliko jeli ya ukingoni. Mtu anayechovya na kurusha baada ya dakika tano hajapata alicholipia. Zingine zina kiyeyushi kinachoshika moto upesi. Chovya penye hewa, mbali na jiko, mshumaa na sigara.

Na kama hutaki kusumbuka, funga nzi wa pili wa aina ileile, huyu aliyechoka akauke kwenye kofia. Wazee wa kazi hii hubadilishana wawili siku nzima na chupa haifunguliwi.

## Dalili ya 3: Alikuwa mzima mpaka alipokamata samaki

Ute wa samaki ni kilainishi. Hufunika dawa, hugandisha manyoya, na haukauki kwa kupunga hata upunge mpaka bega litoke. Kosa la kawaida ni kumtia moja kwa moja kwenye unga: ute na unga hufanya gundi, na gundi hiyo utaikuta hata wiki ijayo.

Kwanza mwoshe. Inaonekana kichekesho kumlowesha nzi unayetaka akauke, lakini ndiyo njia. Mtikise kwa nguvu majini, mbele na nyuma, mpaka utelezi uishe vidoleni. Kisha bana kwa kitambaa, kisha unga, kisha pulizia.

Kama bado ni mzito, kuna mbinu ya mpira mwembamba wa kufungia. Ufunge kwenye kishikio kimoja cha fimbo au kizibao, upitishe ndoana kwenye kitanzi cha mpira, shika tipeti kwa mkono mwingine, vuta mpaka mpira ukaze, kisha upige kwa kidole kama uzi wa gitaa. Maji huruka kama vumbi. Vaa miwani kabla ya kujaribu. Mpira ukikatika, ndoana inakuja usoni kwako kwa kasi.

Na hapa niseme lisilo na utani. Ndoana ikiingia jichoni au kwenye kope, usiivute, usijaribu, usimruhusu rafiki ajaribu. Kata tipeti, funika jicho bila kulibana (kikombe kidogo kilichofungwa juu yake kinafaa), na nenda hospitali mara moja. Hivyohivyo ikiingia shingoni, usoni, kwenye kifundo cha kidole, au ikizama karibu na mshipa wa damu. Kwa ndoana iliyoingia juujuu mkononi, iliyobanwa kinyuzi chake (kile kichomozi kidogo karibu na ncha kinachoizuia isitoke), kutoa ni rahisi. Osha kwa sabuni na uulize chanjo yako ya pepopunda ilikuwa lini. Kama hujui, hilo ni swali la mhudumu wa afya, si la mvuvi mwenzako. Ndiyo maana mimi hubana kinyuzi cha kila ndoana kabla haijagusa maji.

Kuna wakati baada ya samaki nzi harudi tena hata ufanye nini. Angalia kola: kama uzi wa manyoya umekatwa na meno na unafunguka, kazi yake imekwisha.

## Dalili ya 4: Anaelea kwenye glasi, mtoni anavutwa chini

Hii ni kesi ya kupendeza kwa sababu nzi hana hatia kabisa. Kuna kinachomvuta.

Mburuto. Mshipi umelala kwenye mkondo wa kasi, nzi yuko kwenye maji ya pole. Tumbo la mshipi linakimbia, lida inakaza, nzi anaanza kuchora mstari majini kama boti ndogo, kisha anapiga mbizi. Mburuto mkubwa unaonekana kwa macho. Mdogo hauonekani ukiwa mita kumi na mbili; unaona tu kwamba nzi anazama mahali palepale kila mara, na samaki wanamwinukia kisha wanageuka. Linganisha mwendo wake na povu au jani lililo karibu naye. Wakiachana, anaburutwa.

Suluhisho rahisi kabisa ni miguu: sogea karibu, au simama mahali ambapo mshipi haupiti mikondo mingi. Ikishindikana, mara nzi anapotua, inua tumbo la mshipi kwa ncha ya fimbo na ulipindulie upande wa mkondo unakotoka, bila kumgusa nzi. Au tikisa fimbo kushoto na kulia wakati mshipi ungali hewani, utue kama nyoka. Mikunjo ile ndiyo muda wako. Tatu, ongeza lida: ya mita 2.7 iwe 3.6, nyongeza yote iwe tipeti laini.

Tipeti ya fluorokaboni. Nailoni ni nzito kuliko maji kwa karibu asilimia 14. Fluorokaboni kwa karibu asilimia 78. Nailoni nyembamba hubebwa na ngozi ya maji, fluorokaboni huitoboa na kuanza kumvuta nzi mdogo kwa pua. Kwa nzi mkubwa hutaona tofauti. Kwa wa namba 18 utaona. Tumia nailoni.

Tipeti nene mno. Gawanya namba ya ndoana kwa 3, upate namba ya X (kipimo cha unene wa tipeti) ya kuanzia: nzi wa 14 au 16 apate 5X, ambayo ni milimita 0.15 hivi. Uzi mnene humwegemeza nzi upande na kumzuia kufuata mawimbi madogo.

Ulainishaji uliohamia. Kwenye maji yaliyotulia wengine hupaka tipeti udongo mlaini uliochanganywa na sabuni ili izame isitupe kivuli. Mbinu nzuri, ila sabuni ile hupanda. Acha sentimita 20 karibu na nzi bila kugusa, na osha vidole kabla ya kumshika.

## Dalili ya 5: Ncha ya mshipi inazama na kumchukua nzi

Mshipi wa kuelea huelea kwa sababu ganda lake lina viputo vidogo mno vya hewa. Uchafu ukilifunika, uzito unaongezeka na ngozi ya maji haiushiki. Asilimia kubwa ya mishipi "iliyokufa" ni michafu tu.

Nyumbani, mwaga mita kumi za kwanza kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kidogo, ziache dakika kumi, zivute kupitia kitambaa laini. Kitambaa kitakuwa na mstari mweusi. Suuza kwa maji safi mara mbili, maana sabuni ikibaki unarudi ulikotoka. Ukauke, paka mafuta ya mshipi, subiri, pangusa. Usitumie petroli, spiriti wala sabuni kali za kuondoa grisi. Huondoa vilainishi vya ganda na kuliacha likiwa gumu.

Bado ncha inazama? Kagua kitanzi cha mbele na mita mbili za kwanza kwa ukucha. Kiini cha ndani kikiwa wazi hunyonya maji kama utambi. Ufa mmoja mwishoni: kata sentimita chache, ziba ncha kwa gundi inayonyumbuka isiyopitisha maji, funga lida upya. Nyufa nyingi zinazofuatana, au ganda linaloteleza juu ya kiini ukilivuta: acha hapo. Usiendelee kuziba kipande kwa kipande. Fundi wa vifaa vya uvuvi anaweza kukuchomea kitanzi kipya ikiwa sehemu iliyobaki ni nzima, naye atakuambia kwa kuutazama tu kama mshipi umekwisha.

Dawa za mbu zenye DEET huyeyusha plastiki. Mshipi uliokuwa mzima asubuhi na kunata jioni, tafuta jibu kwenye viganja vyako.

## Dalili ya 6: Nzi wa CDC amekuwa kitambaa kilicholowa

CDC ni manyoya yanayoota kuzunguka tezi ya mafuta ya bata, juu ya mkia. Huelea kwa vinyuzi vidogo visivyohesabika vinavyokamata hewa. Ukivipaka jeli ya kawaida unavigandisha vyote kwa mkupuo mmoja, na karibu kila aliyeniuliza kuhusu CDC alikuwa amefanya hivyo. Unga tu, au mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya manyoya hayo.

Aliyekwisha kupakwa jeli anaweza kuokolewa: mwoshe kwa tone la sabuni kwenye maji vuguvugu, suuza mpaka uchoke, mkaushe kwa upepo baridi huku ukimchambua kwa sindano. Kwa nzi mmoja sioni faida. Kwa kiboksi kizima, ni kazi ya jioni moja ya mvua.

## Dalili ya 7: Nzi wa foamu analala ubavu

Foamu hainyonyi, kwa hiyo usipoteze dawa kwake. Tatizo huwa mzunguko: foamu imeachia na inazunguka kwenye ndoana. Ishike kwa vidole, ukiona inageuka, tia tone la gundi ya haraka chini ya tumbo, uisubiri ikauke. La sivyo miguu ya mpira ya upande mmoja ni mirefu, ikate.

## Dalili ya 8: Ana nimfu chini yake, na wote wawili wanazama

Shanga ya tangsteni inayotiwa kwenye nimfu ina uzito zaidi ya mara mbili ya shaba nyeupe ya ukubwa uleule. Nzi wa juu wa namba 16 hawezi kuibeba, hata umtie dawa gani. Badilisha shanga iwe ya shaba nyeupe au ondoa kabisa, au mweke juu nzi wa foamu au wa nywele nene za kulungu wa namba 8 au 10.

## Dalili ya 9: Mvua inanyesha na hakuna anayeelea

Matone humpiga nzi kutoka juu na hewa yenye unyevu haimkaushi. Acha nzi wa kola laini, chukua wa foamu au wa nywele, kama Elk Hair Caddis aliyebuniwa na mvuvi wa Marekani Al Troth mwaka 1957. Fungua kichupa cha unga chini ya kofia tu. Mvua ikiingia humo, umekipoteza.

Ngurumo zikisikika, acha. Fimbo ya kaboni hupitisha umeme, nawe umesimama majini ukiipunga juu. Ilaze chini, toka majini, tafuta jengo au gari lililofungwa, na usirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

## Dalili ya 10: Kiwiliwili kiko chini, bawa liko juu

Nimeletewa huyu mara nyingi, kapakwa jeli mpaka mkiani, na mwenyewe analalamika bado nusu yake iko majini. Tazama umbo kwanza. Kama ndoana imepinda kama mundu na manyoya yamezungushwa kulalia kwenye shina la bawa, huenda ni Klinkhåmer, nzi aliyebuniwa na mvuvi Hans van Klinken wa Uholanzi, au nzi mwingine wa jamii hiyo. Huyo ameundwa aning'inie: tumbo chini ya ngozi ya maji, bawa juu, kama mdudu anayejivua ganda. Mwoshe jeli ile yote. Paka shina la bawa na kola peke yake, lowesha tumbo kwa mate, mrushe.